Stesheni Masta wa Rebero

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee Protas alilala Rebero, mtaa wa Kigali, usiku wa tatu, akalala wa thelathini, sasa miezi minane ilikuwa inatimia, na jembe hajaliona. Si kwamba nyumba ya mwanawe ilikuwa na shida. Taabu ni kwamba haikuwa na shida hata moja ambayo mtu angeweza kuisaidia. Akiinua sahani yake baada ya chai, dada wa kazi anamnyang'anya kwa heshima zote. Akishika fagio, mkwewe Silvère anashtuka kama aliyemkuta askofu anapiga deki. "Papa, kaa tu," wanamwambia. "Pumzika." Na mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minne, ukimpumzisha miezi minane mfululizo, unakuwa umemfunga bila hukumu.

Protas alikuwa stesheni masta. Wala si wa hizi reli mpya za umeme zinazopigwa picha kwenye kalenda. Yake ilikuwa reli nyembamba, mita moja kutoka chuma hiki hadi kile, ya Shirika la Reli ya Nyanda: njia kuu moja na matawi mawili, na kote huko njia ni moja tu, treni ya kwenda na ya kurudi zinagawana chuma kilekile. Stesheni yake iliitwa Kilimba, mwisho wa tawi la kaskazini. Shirika lilipolifunga tawi lile, nyasi ziliota kati ya mataruma, na mwaka uleule mkewe akafariki. Yvonne, mwanawe wa pekee, akasafiri kutoka Kigali kuja kumchukua. Mzee alikuja na begi moja, kofia yake ya kazi, na saa ya mkononi ya majira ya Tanzania aliyokataa kuirudisha nyuma, kwa hiyo popote alipoalikwa Kigali alifika saa nzima kabla ya wenzake.

Basi, ndiyo hivyo. Mtu wa reli katika mji usio na reli. Majirani walimsalimia vizuri, tena kwa mikono miwili, lakini jina walilompa lilikuwa moja: mugeni wa Silvère. Na yeye, usiku akiwa peke yake na mawazo yake, aliweka nadhiri: mwaka hautaisha niko hapa nikiitwa mgeni. Ama napata la kufanya, ama narudi Kilimba nikazeeke kwangu, hata kama kwangu ni nyumba tupu. Hakumwambia mtu.

Kilichomwamsha ni ugomvi.

Barabara kubwa ya kupandia mtaani kwao ilikuwa imechimbwa ili itandikwe lami, wakaambiwa wavumilie miezi sita. Njia iliyobaki ilikuwa kichochoro cha nyuma, hatua kama mia nne hivi za udongo mwekundu. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili genge linaloshukia kwenye mikaratusi, na katikati kona ambayo hata paka angepiga honi kabla ya kuipita. Upana wake ni gari moja na kiwiko cha dereva. Magari ya mtaa mzima, ya kupanda na ya kushuka, yalisukumwa humo.

Asubuhi hiyo Protas alikuwa kwenye matembezi yake ya mtu asiye na kazi alipokuta pikapu na gari dogo jeupe vimekutana pale konani, pua kwa pua. Ndani ya pikapu alikuwa mama Spès, mfanyabiashara wa maharage, aliyekulia Bujumbura na kurudi Kigali na sauti yake yote. Ndani ya gari jeupe alikuwa Bigirimana, mwalimu mstaafu, naye mtu wa Bujumbura vilevile, jirani yake wa miaka kumi na mmoja. Wote wawili walikuwa wamezima injini.

"Mimi niko na magunia saba nyuma," alisema Spès. "Nitarudi aje nyuma, tena ku mulima? Rudi weye."

"Kanuni ya dunia yote, mama Spès, ile gari inapanda ndiyo inapita," alijibu Bigirimana, kama yuko ubaoni.

"Basi ngoja dunia yote ikuje ikusaidie."

Spès akafungua mfuko mdogo wa maharage, akauweka mapajani, akaanza kuchambua mawe. Bigirimana akatoa gazeti. Nyuma ya kila mmoja magari yalizidi kuongezeka, manne huku, sita kule, na kila aliyefika alikuwa na rai yake. Ilichukua dakika hamsini na mbili kuwatoa. Protas alizihesabu, na wakati wengine wananuna, yeye mwili ulikuwa unamsisimka kwa furaha ya ajabu. Alikuwa anakitazama kitu anachokijua. Njia moja, treni mbili, kona katikati. Ile ilikuwa Kilimba tupu, imekosa chuma tu!

Usiku huo mezani alimwomba Silvère ampeleke kwenye mkutano wa wakazi wa Jumanne na amtafsirie. Silvère alikubali kwa upole, kama mtu anavyokubali kumpeleka mzee kutazama mechi. Yvonne aliinamisha kichwa kwenye sahani. Alimjua baba yake, alishaona ile nyusi ya kushoto imepanda.

Mkutanoni Protas alivua kofia, akasimama mbele ya mkuu wa mudugudu, yaani mtaa, mwanamke kijana mkali wa saa anayeitwa Annick, akaeleza. Kwenye reli ya njia moja, alisema, treni haiingii kwa hasira wala kwa haki. Inaingia kwa tokeni. Ni kipande cha chuma ambacho dereva anakabidhiwa mkononi stesheni hii, na anakitoa stesheni ile. Tokeni ni moja. Asiyenayo haingii, hata awe amebeba rais. Kwa kuwa ni moja, na haiwezi kuwa kwa watu wawili, treni mbili haziwezi kukutana. Yakiwa magari mengi ya upande mmoja, yanaoneshwa tokeni na kupita, na la mwisho ndilo linaloibeba. Basi.

Spès akauliza kutoka nyuma: "Muzee, sasa mimi mutu muzima nitaomba ruhusa kwa chuma, ndiyo nifike kwangu?"

Watu wakacheka. Protas alingoja wamalize. "Mama," alisema, "siku ile ulikaa dakika hamsini na mbili. Ukiomba ruhusa kwa chuma, hukai hata tano. Chuma hakina kiburi."

Annick, aliyekuwa amechelewa ofisini siku ile kwa ajili ya magunia saba, aligonga meza na kusema wajaribu wiki moja.

Fundi wa kuchomelea alikunja nondo, akatengeneza duara pana la kuvishwa begani. Protas akalizungushia kitambaa cha manjano lionekane mbali. Yeye alisema tokeni, watu wakasema pete, na pete ikawa pete. Mwisho wa juu wa kichochoro alipigilia msumari kwenye nguzo ya umeme, akaweka kiti chake chini yake. Chini, mwenzake alikuwa Ismaël, mlinzi wa nyumba ya kwanza, mtu mzima wa maneno machache aliyeielewa kazi kwa siku moja. Akafundishwa kutoa pete kwa mkono wa kulia na kusema namba ya gari kwa simu.

Siku mbili za kwanza watu walifanya utani, wengine wakaipiga picha. Siku ya tatu wakazoea. Protas alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa mwezi mzima, maana kwao mtu akiambiwa asipite hapa, hapo ndipo anapokumbuka ana safari. Lakini Kigali ni mji ambao mtu anasimama taa nyekundu ikiwaka ingawa barabara nzima ni yake na mbwa mmoja. Ukiwapa kanuni yenye akili wanaishika kuliko aliyeileta. Wiki ya pili Bigirimana alikataa kuingia kichochoroni bila pete ingawa aliona kwa macho yake kwamba hakuna gari. Spès mwenyewe alianza kuwagombeza wengine: "Iko wapi pete? Huna? Basi tulia hapo!"

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia mzee. Pete ilifanya kazi vizuri mno. Dereva anafika juu, anaiangika msumarini mwenyewe. Anayeshuka anaichukua mwenyewe, anamsalimia Protas, anaondoka. Ismaël hakuhitaji kuelekezwa. Wiki ya tano Protas alisinzia kitini asubuhi nzima, na alipoamka magari kumi na manane yalikuwa yamepita kwa utaratibu ule ule. Alipaswa kufurahi. Alikuwa amewafundisha vijana wengi wa reli kwamba stesheni inayoendeshwa vizuri huwezi kumwona anayeiendesha. Ila kutoonekana hata kidogo kulimuuma.

Siku moja Bigirimana alipita na mgeni wake kutoka Busanza, akasimama kumtambulisha. "Huyu ni mugeni wa Silvère," alisema kwa tabasamu safi kabisa. "Mutanzania. Muzee muzuri sana."

Kesho yake Protas alikwenda kukata tiketi ya basi. Jumatatu ijayo, alfajiri, hadi mpakani Rusumo na kuendelea. Alimwambia Yvonne anakwenda kukagua bati la nyumba kabla ya mvua.

"Bati la Kilimba limekaa miaka ishirini bila kukaguliwa, baba," alisema Yvonne.

"Ndiyo maana."

Yvonne alikwenda jikoni akafungulia maji, na yakatiririka muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Jumamosi ya kabla ya Jumatatu hiyo, Bigirimana alikuwa anaombwa binti yake. Natacha, mtoto wake wa mwisho, anachumbiwa na kijana wa Kagugu, mtaa wa upande wa pili wa mji, na ile sherehe ya posa ambayo Wanyarwanda wanaiita gusaba ilikuwa ifanyike uani kwake, juu kabisa ya kichochoro. Mahema mawili yalikwisha simikwa yakitazamana, moja la wenyeji na moja la wakwe. Wakwe walitarajiwa saa nne. Katika sherehe hizi wasemaji wa pande mbili hushindana kwa maneno, na upande unaochelewa huwa umempa mwenzake fimbo ya kumchapia mchana kutwa.

Saa mbili na nusu Spès alishuka na pikapu kwenda Busanza kuchukua vikapu vya kupakulia alivyoahidi kuazimisha. Alikuwa wa mwisho kushuka, kwa hiyo pete ilikuwa yake, akaivisha kwenye mkono wa gia. Njia nzima alikuwa anazungumza na simu, anamgombeza mtu kuhusu vikapu hivyo hivyo. Alipofika chini, Ismaël akanyoosha mkono wa kulia kama alivyofundishwa. Pikapu ikampita. Ismaël akakimbia nyuma yake akiita, mpaka viatu vikamvuka. Spès akaingia barabara kuu, akaenda na pete.

Ismaël alipiga simu juu. Protas alikuwa ameacha simu yake ndani, kwa hiyo ikambidi apige kwa Bigirimana, na simu ya Bigirimana siku hiyo ilikuwa mikononi mwa mama yake Natacha, kwa sauti ya juu, katikati ya wanawake kumi na wawili waliokuwa wanapanga maua.

"Mama," alisema Ismaël akihema, "pete imepotea."

Kilio kilichofuata kilisikika hadi kwa mafundi wa barabara. Mama wa bibi harusi alikaa chini kwenye ndoo ya maua. Shangazi mmoja akasema alijua, tangu mwanzo alijua kwamba watu wa Kagugu si wa kuaminika. Natacha alitoka chumbani nusu ya nywele zake zikiwa zimesukwa na nusu zikiwa hewani, akampigia mchumba wake, akamuuliza kwa Kinyarwanda swali ambalo kijana yule, aliyekuwa ndani ya gari na pete yake salama mfukoni, hakuelewa limetoka wapi. Ilichukua robo saa watu kufahamu ni pete ipi. Wakacheka, wakapangusa machozi. Kisha wakaacha kucheka, maana hiyo nyingine ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Chini, magari tisa ya wakwe yalikuwa yamefika na kujipanga. Juu, magari manne yalitaka kushuka haraka: mawili kuwafuata wacheza ngoma, mawili kuleta chakula. Simu ya Spès iliita weee, haikupokelewa. Na hakuna hata gari moja lililoingia kichochoroni. Wamenyooka pande zote mbili, wamevaa mashati meupe na mishanana ya sherehe iliyofungwa begani, wanangoja chuma ambacho muda huo kilikuwa Busanza.

Protas alifika amevaa kofia yake. Akakuta watu wamezunguka nguzo wanautazama msumari mtupu.

"Tupigiane tu simu, Papa," alisema Silvère. "Ismaël aseme hakuna mtu, sisi tushuke."

"Simu inasema alichosikia mtu," alijibu Protas. "Haisemi kilichopo."

Na ni kweli, maana wakati wanazungumza hivyo, dereva mmoja wa chakula alikuwa amechoka, akawasha gari, akaanza kuingia. Na kule chini, mjomba wa bwana harusi, mtu mzito aliyezoea kufunguliwa mageti, naye alikuwa amemwambia Ismaël aondoke njiani. Ismaël alikuwa anapaza sauti kwenye simu ya Silvère: "Anaingia, muzee! Nimemukataza, anaingia!"

Protas alikimbia. Goti lake la kulia lilikuwa halijakimbia tangu enzi za treni za mvuke, lakini lilikimbia. Akampita dereva wa chakula, akasimama mbele ya boneti yake, akaipiga kwa kiganja.

"Simama!"

Gari likasimama. Sauti ile hakuna mtu wa Rebero aliyewahi kuisikia. Mzee aliyekuwa anasema asante kwa kila kikombe cha chai alikuwa amesimama katikati ya njia, miguu imetanuka, kofia imenyooka. Silvère na Yvonne walikuwa wamemfikia mbio; akaichukua simu ya Silvère, akamwambia Ismaël amweke huyo mjomba kwenye laini.

"Bwana mkubwa," alisema, "umeingia sekisheni yangu bila idhini. Rudi nyuma mpaka kwa Ismaël. Nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Sawa, muzee," ilijibu sauti, na mlio wa gari linalorudi nyuma ukasikika.

Protas akamgeukia Yvonne. "Nipe kilemba chako hicho."

Yvonne alikuwa amejifunga kilemba chekundu cha sherehe, amekilipia na kukipiga pasi. Alikivua bila swali. Baba yake akakikunja, akajifunga juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto, akakaza fundo kwa meno.

"Sikilizeni," alisema, na Silvère akawa anatafsiri. "Tokeni ikipotea, reli haisimami. Kanuni inasema achaguliwe mtu mmoja, afungwe kitambaa chekundu mkononi, na kuanzia dakika hiyo mtu huyo ndiye tokeni. Gari haliingii bila yeye. Yeye yuko mmoja, hawezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Leo pete ni mimi. Nyinyi wanne, nifuateni, na asinipite mtu."

Akageuka, akaanza kushuka kwa miguu.

Nami nawaambia, miaka yote thelathini na minne Protas hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Stesheni masta anabaki stesheni, anayefungwa kitambaa ni mwingine. Aliwahi kuwatazama wenzake wawili wakiondoka hivyo, mmoja kwenye mvua, na mara zote mbili aliwaonea wivu. Sasa alikuwa anatembea katikati ya kichochoro, magari manne yakimfuata kwa mwendo wa mguu, na wafanyakazi wa majumbani wamepanda juu ya ukuta wa mawe kutazama. Pale konani alinyanyua mkono mwekundu, akachungulia, akaushusha. Magari yakapinda moja moja. Alikuwa na furaha, na hakujaribu kuificha.

Chini aliwaachia wanne waende zao, akampa Ismaël mkono, kisha akatembea mstari mzima wa magari tisa ya wakwe akihesabu na kumtazama kila dereva usoni. Mjomba mzito alitoa kichwa dirishani akamwomba apande mbele, akae, wapo wazee wa kuheshimiwa humu. Protas alikataa. Tokeni haipandi treni kwa starehe, alisema, na mjomba hakuelewa lakini aliitikia. Kupanda kulikuwa kugumu. Mara mbili alisimama kupumua, na mara zote mbili magari tisa yakasimama nyuma yake bila honi hata moja.

Walifika saa nne na dakika arobaini.

Protas alitaka kwenda nyumbani kubadilisha shati lililolowa, lakini vijana wa mapokezi walikuwa wanakalisha watu haraka haraka, na mmoja akamshika mkono akamsukumia kwenye kiti cha kwanza alichokiona, hema la wenyeji, safu ya tatu, karibu na Silvère na Yvonne. Begi lake la safari, alikumbuka, lilikuwa kitandani tayari limefungwa nusu.

Msemaji wa wenyeji alianza kama ilivyotarajiwa. Kwa mafumbo marefu aliwauliza wakwe kama Kagugu wanatumia jua tofauti, au kama wamebebwa na wale ng'ombe waliowaahidi. Hema lilicheka. Msemaji wa wakwe, mzee Nsengiyumva, mrefu mwenye fimbo, alisimama polepole. Silvère alimtafsiria Protas sikioni.

"Anasema wao walifika mapema. Anasema walizuiwa na mzee mmoja, amefunga kitambaa chekundu mkononi, akawaambia hapa hapiti mtu bila yeye. Anasema amezeeka, ameoa, ameozesha watoto sita, lakini hajawahi kupelekwa ukweni kwa kutanguliwa na mtu kwa miguu, kama mfalme. Sasa anauliza." Silvère akaanza kutabasamu. "Anauliza mzee yule ni wa nani. Kama ni wa hapa, basi waliowachelewesha ni nyinyi, na faini ni yenu. Kama si wa hapa, wao wanaondoka naye Kagugu pamoja na bibi harusi."

Mahema yote mawili yalilipuka kwa kicheko. Msemaji wa wenyeji alibanwa, na alijua amebanwa. Akimkana mzee anaokoa faini. Aligeuka kumtazama Bigirimana, na Bigirimana, ingawa kwa desturi baba wa binti hukaa kimya na kuacha wasemaji wabishane, alisimama mwenyewe. Alisema maneno machache, akamwonesha Protas kwa mkono wazi, akakaa. Watu wakapiga makofi.

"Amesema nini?" aliuliza Protas.

"Amesema faini watalipa," alisema Silvère. "Amesema uyo ni umusangwa."

"Ndiyo nini?"

Silvère alitafuta neno. "Ni... sisi wa hema hili. Mtu anayekutwa. Wageni wanakuja, wanamkuta yeye yuko nyumbani."

Protas aliinama kufungua kitambaa mkononi, na fundo lilimsumbua, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Watu wa safu ya nyuma walikuwa wanamgusa bega. Yvonne alikuwa anatazama mbele kabisa kwa wakwe kama mtu asiyejua lolote, na machozi yakimshuka hadi kidevuni.

Ndipo Spès akaingia. Alikuwa ameacha pikapu chini na kupanda kichochoro chote kwa miguu, vikapu vimerundikana kichwani, pete begani, uso umemshuka kwa aibu mpaka ungemhurumia. Akavitua vikapu, akapita safu ya tatu akiomba radhi, "mbabarira, mbabarira", kwa kila mtu, mpaka akafika kwa Protas. Viti vilikuwa vimejaa. Silvère akaruka kumpa chake, ili mzee asisumbuliwe.

"Wewe kaa," Spès alimwambia. "Nimesema na muzee." Akamgonga Protas kiwikoni. "Sogea, muzee. Nimechoka, nipe nafasi hapo. Sogea."

Miezi tisa na zaidi Rebero, Protas alikuwa ameletewa viti, mito, vigoda vya miguu, na mara moja blanketi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia asogee. Akasogea, nusu ya kiti yake na nusu ya Spès, bega kwa bega na yule mama aliyenuka jasho na maharage, na goti lake bovu likabanwa kwenye mguu wa meza. Akamwinamia Yvonne upande wa pili.

"Ile tiketi ya Jumatatu," alisema, "itafutie mtu mwingine."